Taya likienda upande, usikimbilie waya!

Jamani vijana wenzangu, mnawajua wale ambao kila picha lazima wageuze shavu lile lile? Wengine ni pozi tu. Wengine taya limekwenda upande, wanaficha. Huku kwetu Nyarubungo mtu wa namna hiyo hakosi jina la utani.

Hakuna uso uliolingana kama umepigwa rula, hata wangu. Kasheshe huanza pale tofauti inapoonekana wazi, au unapotafuna upande mmoja tu.

Jipime. Laza penseli safi mdomoni, uing'ate kwa meno ya pande zote mbili, kisha jitazame kiooni. Ikiwa sambamba na macho yako, poa. Ikipanda upande mmoja, huenda hata taya la juu limeinama.

Sasa sikia maajabu. Taya la chini likihamia kulia, meno yake huinama kushoto kutafuta wenzao wa juu ili yang'atane. Kwa hiyo meno yanaweza kuonekana nafuu kumbe mfupa umeharibika zaidi. Yanatunza siri!

Ndiyo maana mara nyingi daktari hakimbilii kisu. Kwanza hufunga waya, pengine mwaka mzima au zaidi, meno yasimame wima kwenye mfupa wake. Usishangae, kipindi hicho uso huzidi kuonekana kombo. Wengi hapo hutaka kutimua mbio! Lakini meno yakiachwa yameinama, mpasuaji hapati nafasi ya kulirudisha taya lote katikati.

Upasuaji wenyewe si wa kutisha kama unavyodhani. Tangu miaka ya 1950, daktari Hugo Obwegeser alionyesha namna ya kupasua taya la chini kwa kupitia ndani ya mdomo, shavu likabaki bila kovu.

Ila nawaomba, wazazi vijana, msidharau mtoto akianguka na kugonga kidevu. Kiungo cha taya, mbele ya sikio, huweza kuvunjika kimya kimya. Upande huo ukidumaa, uso mzima hufuata. Akishindwa kufungua kinywa vizuri, au kidevu kikivuta upande, mpeleke hospitali mapema. Kwa sisi wa Ngara na Biharamulo, njia ya rufaa tuliyoizoea ni Bugando, Mwanza, na ikibidi Muhimbili, Dar.

Nauli inauma, najua. Lakini uso ni mmoja tu, bwana!