Je, Wajua? Likizo ya Watoto, Bahari ya Jirani

Shule zikikaribia kufungwa, kila mzazi huulizwa swali lile lile: "Tunaenda wapi?" Ukitaja nje ya nchi na bahari kwa pamoja, wengine huona dola zikiruka. Haya machache huenda yakakubadilishia hesabu.

Kwa mtu wa Arusha, Mombasa iko karibu kuliko Dar es Salaam

Kutoka Arusha hadi Dar kwa barabara ni zaidi ya kilomita 600. Kutoka Arusha hadi Mombasa, ukipitia Moshi, Holili, Taveta na Voi, hazifiki 450. Yaani kwenda nje ya nchi ni safari fupi kuliko kubaki ndani! Barabara ni ya lami, na kipande cha kati kinapita katika nchi ya Tsavo, ambako tembo wakati mwingine huonekana kutoka dirishani bila mtu kulipa kiingilio. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza Waingereza walilaza reli kwenye njia hiyo hiyo ya Voi na Taveta ili wapeleke askari kupambana na Wajerumani.

Mtu wa Tanga ana bahati zaidi. Mpaka wa Horohoro uko kilomita 65 hivi kutoka mjini, kwa hiyo chai anainywa kwao na chakula cha mchana anakila Ukunda.

Tanzania ikifunga shule, Kenya iko darasani

Hii ndiyo siri kubwa ya bei, na ipo kwenye kalenda ya ukutani. Shule za Tanzania hufunga likizo ndefu mwezi Juni na Desemba. Za Kenya hufunga Aprili, Agosti, na tena kuanzia mwishoni mwa Oktoba au Novemba. Zinakutana Desemba tu, na Desemba kila mtu anajua bei zinavyopaa.

Sasa angalia Juni. Watoto wa Kenya wako kwenye muhula wa pili. Wazungu bado hawajafungua msimu wao wa Julai na Agosti. Masika yamekwisha au yanamalizia matone, kusi imeshika, joto limepungua. Hoteli na nyumba za kupanga za Diani, Watamu na Kilifi zina vyumba vinavyolala vitupu, na mwenye chumba kitupu ni mtu wa kuzungumza naye. Piga simu, taja siku tano au saba mfululizo, kisha uulize bei ya mwisho.

Mkenya naye akija upande wa pili mwezi Agosti, watoto wa Tanzania wako shuleni, ila Unguja imejaa wageni wa Ulaya. Mimi ningemshauri aiache Unguja kwa wakati huo na ashukie Tanga, Pangani au Bagamoyo. Aprili je? Hapo bei ni ya chini kweli, lakini ni katikati ya masika, na baadhi ya hoteli hufunga milango kabisa ili zikarabati mapaa.

Ulaya, kuwahi likizo kunaweza kukukutanisha na polisi

Mwezi Mei 2018, polisi wa jimbo la Bavaria, Ujerumani, walisimama kwenye viwanja vya ndege kama Memmingen wakiwauliza wazazi: mbona watoto hawa hawako shuleni leo? Familia zaidi ya 20 zilinaswa. Kosa lao lilikuwa kuondoka siku chache kabla ya shule kufungwa ili wapate tiketi za bei nafuu.

Uingereza nako wana faini. Tangu Agosti 2024, mzazi anayemtoa mtoto shuleni bila ruhusa hutozwa pauni 80, na hesabu ni kwa kila mzazi kwa kila mtoto. Baba, mama na watoto watatu: pauni 480. Usipolipa ndani ya siku 21, inakuwa mara mbili. Ndugu zetu wa London wanaokata tiketi za Zanzibar wanaijua hesabu hii kwa moyo.

Wengine wametumia akili badala ya polisi. Ujerumani yenyewe ina majimbo 16, na likizo zao za kiangazi hupishana ili barabara na fukwe zisizibwe kwa siku moja. Ufaransa imegawa nchi katika kanda tatu kwa likizo za majira ya baridi na ya machipuko. Na Marekani, jimbo la Virginia lilikaa na sheria tangu 1986 hadi 2019 iliyozizuia shule kufunguliwa kabla ya sikukuu ya wafanyakazi ya Septemba, kwa sababu wenye viwanja vya michezo na burudani hawakutaka wateja wao warudi darasani mapema!

Bahari inayoondoka saa nne asubuhi

Wapo waliolipia chumba cha mbele ya bahari Paje au Jambiani, wakaamka na kukuta bahari haipo. Siku za bamvua, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa kwenye pwani yetu inakaribia mita 4, kama milango miwili iliyosimamishwa mmoja juu ya mwingine. Na kwa kuwa upande wa mashariki wa Unguja ni tambarare, maji hurudi nyuma kilomita nzima na ushei.

Kinachonifurahisha ni saa zake. Bamvua huja na mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Siku hizo maji hujaa kwenye saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa kwenye saa nne, asubuhi na usiku. Kila siku saa husogea mbele kwa dakika kama 50, hivi kwamba juma moja baadaye, mwezi ukiwa nusu, mambo yamegeuka: saa nne asubuhi maji yamejaa, na yakipwa hayaendi mbali. Hayo ndiyo maji mafu.

Kwa hiyo jedwali la maji unalo tayari nyumbani kama una kalenda ya Kiislamu. Tarehe mosi na tarehe 15 za mwezi wa Kiislamu, pamoja na siku mbili tatu zinazofuata, ni bamvua. Tarehe 7 au 8, na 22 hivi, ni maji mafu. Una watoto wadogo wanaotaka kuogelea asubuhi kabla jua halijawa kali? Weka safari kwenye mwezi nusu. Una wale wasiotulia, wanaopenda kufukua kila kitu? Wapeleke siku za bamvua, uwavishe yeboyebo kwa ajili ya miiba na mawe makali, mtembee kuelekea mwambani. Mtapita katikati ya mashamba ya akina mama wa mwani, kilimo kilichoanza kibiashara Zanzibar mwaka 1989: vijiti vimechomekwa mchangani kwa safu, kamba zimefungwa kutoka kijiti hadi kijiti, na mwani umening'inia juu ya maji ya kufika vifundoni. Kwenye vidimbwi kuna kaa, viti vya pweza vyekundu, na vifaranga vya samaki visivyojua pa kukimbilia. Burudani hiyo haina tiketi. Msikanyage kamba tu.

Nungwi na Kendwa, kaskazini, maji hayakimbii mbali hivyo, na hiyo ni sababu mojawapo ya bei zao kuwa juu.

Maji yanayowaka Kilifi

Kwenye hori la Kilifi, usiku wenye giza, ukitia mkono majini unaona vimulimuli vya buluu vikikufuata vidoleni. Ni vijidudu vya baharini vinavyotoa mwanga vikitikiswa. Mwezi mpevu huviharibia onyesho, basi hapa tarehe nzuri ni zile za mwezi mwandamo.

Mchanga mweupe umepita tumboni mwa samaki

Sehemu kubwa ya mchanga laini kama ule wa Diani ni matumbawe na makombe yaliyosagika, na mmoja wa wasagaji wakuu ni pono. Ana meno yaliyoungana kama mdomo wa kasuku. Huguguna matumbawe yaliyokufa akitafuta mwani, kisha mawe aliyomeza huyatoa nyuma yakiwa mchanga. Pono mkubwa mmoja anaweza kutoa mamia ya kilo kwa mwaka. Waambie watoto wakiwa katikati ya kujenga kasri, utaona nyuso zao.

Ndiye pono yule yule wa "usingizi wa pono". Wahenga hawakumsingizia: baadhi ya aina zake hujitengenezea mfuko wa ute usiku, zikalala ndani yake hadi asubuhi.

Agosti kuna wageni wakubwa kuliko basi

Kati ya Julai na Oktoba, nyangumi wenye nundu hutoka bahari baridi za kusini karibu na Antaktika na kuja kuzaa na kunyonyesha kwenye maji yetu ya vuguvugu. Mmoja hufika mita 15. Watamu na Kizimkazi ni mahali pazuri pa kuwatafuta, na mara nyingine maji yanayoruka huonekana hata kwa aliyesimama ufukweni. Nao wamekuja na watoto.

Kwa mtu wa Bukavu, bahari ya ugenini iko karibu kuliko ya kwao

Kongo ni kubwa mara mbili na nusu ya Tanzania, lakini pwani yake yote, kule Muanda kwenye Atlantiki, haizidi kilomita 40 hivi. Ni kidogo tu zaidi ya mwendo wa Mombasa hadi Diani! Kutoka Bukavu kwa mstari mnyoofu, Muanda iko kilomita kama 1,860. Dar es Salaam iko kama 1,250. Tangu Kongo ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, bahari hiyo ya karibu imekuwa ya jirani kisheria pia.

Kitambulisho kinavuka mpaka mmoja, kingine hakivuki

Tangu 2014 raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wanaweza kutembeleana kwa kitambulisho cha taifa. Kuingia au kutoka Tanzania lazima uwe na pasipoti au hati ya muda ya kusafiria, na kila mtoto awe na yake. Habari njema ni kwamba raia wa nchi nyingi za Jumuiya hatozwi viza. Kwenye hifadhi za bahari za Kenya pia kuna kiingilio maalumu kwa raia wa Afrika Mashariki, ambacho ni sehemu ndogo tu ya kile cha mgeni wa mbali. Hifadhi za Malindi na Watamu, zilizoanzishwa 1968, ni miongoni mwa hifadhi za bahari kongwe kabisa barani, na siku ya kwenda huko msiache vitambulisho gestini, maana kiingilio hicho ni cha raia.

Kadi yako ya njano haijaisha muda, hata kama imeandikwa hivyo

Zamani cheti cha chanjo ya homa ya manjano kilidumu miaka 10. Tangu Julai 2016, kwa uamuzi wa Shirika la Afya Duniani, kinadumu maisha yote ya mwenye nacho, pamoja na vile vya zamani. Tanzania hukidai kwa watu wazima na watoto kuanzia mwaka mmoja wanaotoka nchi zenye hatari ya ugonjwa huo, Kenya ikiwemo. Asiyechanja awahi: chanjo huanza kuhesabiwa baada ya siku 10.

Mtoto anaweza kwenda akiwa mchanga na kurudi akiwa abiria kamili

Kwa ndege za kimataifa, mtoto aliye chini ya miaka 2 hukaa mapajani, kwa kawaida kwa kama asilimia 10 ya nauli ya mtu mzima. Akitimiza miaka 2 katikati ya likizo, kiti cha kurudi ni chake na nauli yake. Mwenye mtoto wa miezi 23 asiichezee tarehe.

Mfuko wa rambo unaweza kugharimu kuliko safari

Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017, adhabu ikifika hadi shilingi milioni 4 za huko au kifungo cha hadi miaka 4. Tanzania ilifuata tarehe 1 Juni 2019. Na tangu Juni 2020, chupa za maji za kutupa na mirija ya plastiki haziruhusiwi ndani ya hifadhi za Kenya, fukwe za hifadhi zikiwemo. Pakieni taulo kwenye kikapu cha ukindu au mfuko wa kitambaa, na kila mtoto awe na chupa yake ya kujazia.

Safari ya meli ya bure ipo, na huondoka kila baada ya dakika chache

Kivuko cha Likoni, Mombasa, hakimtozi mtembea kwa miguu hata senti. Kule Kigamboni, Dar, unatoa shilingi 200 za Tanzania. Hapa unapanda tu, pamoja na watu zaidi ya 300,000 wanaovuka kila siku. Mfereji una upana wa mita kama 500, na mkibahatika meli kubwa ya makontena inapita, kivuko kinasubiri huku watoto wakiinua vichwa kutafuta mwisho wa ukuta wa chuma.

Mkishuka upande wa kisiwani, kateni kulia mtembee hadi bustani ya Mama Ngina. Hakuna kiingilio. Kuna mibuyu mikubwa, upepo, na wauza mihogo ya kuchoma: muhogo unapasuliwa katikati, unapakwa ndimu na pilipili ya unga, unafungiwa karatasini ungali moto. Kwa watoto mwambie muuzaji apunguze pilipili kabla hajaanza kupaka, maana mkono wake ni mwepesi.