Kindu: Turubai la boti lisiwe mtego kwa abiria

KINDU – Kati ya Kindu na Ubundu mto Lualaba unapitika kwa zaidi ya kilomita 300, na jua la huko halina huruma. Wenye boti za mbao hufunga turubai juu ya fito zilizopindwa. Likiwa juu sana, upepo wa mvua hulijaza kama tanga na kuinamisha boti. Likiwa chini sana, mwendeshaji aliye nyuma haoni magogo wala mitumbwi. Hatari kubwa iko pembeni: turubai lililofungwa mpaka ukingoni huzuia mvua, lakini boti ikipinduka abiria hunaswa ndani. Heri kulowa. Anayetaka pazia la pembeni alifunge kwa fundo linalofunguka kwa kuvutwa mara moja. Na mizigo isipandishwe juu ya paa, hata ikiwa ni magodoro tu.