Marhamu ya macho inayotuliza kinga: Yanayopaswa kujulikana na wanaovuka mpaka

Na Mwandishi Wetu, Namanga

SAA nne asubuhi upepo tayari unasukuma vumbi katikati ya foleni ya malori. Mama mmoja muuza vitunguu, anayevuka hapa mara mbili kwa wiki, anafungua mkoba wake wa kiunoni. Ndani, pamoja na stakabadhi za forodha, mna boksi dogo la marhamu. Si yake. Ni ya mwanawe wa miaka tisa.

Kwa miaka miwili mtoto huyo alikuwa akisugua macho hadi yanakuwa mekundu, na asubuhi aliamka na tongo zito linalovutika kama uzi. Mama alinunua matone kwenye duka la dawa, upande wowote wa mpaka alikojikuta siku hiyo. “Nikiweka leo, kesho macho meupe,” anasema. Akiacha, yanarudi. Akanunua tena, na tena.

Alipompeleka kliniki ya macho, aliambiwa mambo mawili. Kwanza, mtoto ana mzio mkali wa macho. Pili, presha ya macho imepanda, kwa sababu matone yale yalikuwa na steroidi.

Ugonjwa huu wa mzio huwapata zaidi watoto, hasa wa kiume, katika nchi zenye joto na vumbi, na kwa wengi huisha wenyewe baada ya balehe. Unafahamika vizuri kwa madaktari wa macho wa Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda. Si wa kuambukiza. Lakini ukiachwa huweza kuchubua kioo cha jicho na kuacha kovu, na kusugua kila siku kunaweza kukipinda kioo hicho.

Steroidi kama deksamethasoni hutuliza uvimbe haraka, na daktari huitumia kwa siku chache akiwa anapima. Ikitumika kwa miezi bila usimamizi, huweza kuleta mtoto wa jicho na kupandisha presha ya jicho inayoua mshipa wa kuonea. Mtoto wa jicho hupasuliwa. Uoni uliopotea kwa presha haurudi.

Ndiyo maana madaktari hutafuta dawa nyingine, zile zinazotuliza kinga ya mwili. Mbili zinazojulikana zaidi ni saiklosporini na takrolimasi, ambazo kwanza zilipata umaarufu kwa kuzuia mwili usikatae kiungo kilichopandikizwa, kama figo. Kwenye jicho hupunguza hasira ya kinga bila kupandisha presha. Utafiti uliofanyika Rwanda na kuchapishwa mwaka 2012 ulilinganisha matone ya saiklosporini na ya deksamethasoni kwa wagonjwa wa mzio huu, na ukaona yanakaribiana kwa nguvu ya kutuliza.

“Usiweke machoni”

Mama wa vitunguu alipewa takrolimasi ya asilimia 0.03. Usiku ule akamwomba binti yake amsomee karatasi ya ndani. Imeandikwa kuwa ni dawa ya ngozi, na isiingie machoni. Akaogopa. Alipoipaka mara moja, mtoto akalia kuwa inachoma. Mama akaiweka kando, akarudia matone ya zamani kwa wiki nzima.

Karatasi haikusema uongo. Marhamu ile ilitengenezwa kwa ukurutu wa ngozi. Madaktari wa macho huitumia jichoni kwa uamuzi wao wa kitaalamu, kwa sababu tafiti zimeonyesha inasaidia, na mahali pengi aina iliyotengenezwa mahsusi kwa jicho haipatikani. Kosa lilikuwa kwamba hakuna aliyemweleza mapema. Ukipewa dawa hii, muulize daktari: ni ya jicho au ya ngozi? Asilimia ngapi? Mara ngapi kwa siku? Nirudi lini?

Kuchoma kidogo katika siku za mwanzo ni kawaida na kwa wengi hupungua. Nafuu nayo huja polepole, huchukua wiki kadhaa. Anayezoea kasi ya steroidi hudhani dawa haifanyi kazi.

Namna ya kupaka

Nawa mikono kwa sabuni. Vuta kope la chini, weka marhamu kiasi cha punje ya mchele, au kama ulivyoelekezwa, bila ncha ya tyubu kugusa jicho. Fumba taratibu kwa dakika moja. Kama kuna matone pia, yatangulie, kisha subiri dakika 10 ndipo upake marhamu. Macho huona ukungu kwa muda, kwa hiyo dereva asishike usukani mpaka uoni utulie. Andika kwenye boksi tarehe uliyofungua, na uulize itupwe lini.

Usimpe jirani, hata kama macho yake yanafanana na yako. Dawa hii hupunguza ulinzi wa jicho, hivyo jicho lenye maambukizi, hasa ya virusi vya malengelenge, linaweza kuharibika zaidi. Mjamzito au anayenyonyesha amwambie daktari kwanza. Ukiona maumivu makali, usaha, doa jeupe kwenye kioo cha jicho, au uoni ukipungua, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Ukiwa safarini

Majina ya biashara hubadilika ukivuka mpaka. Jina la dawa yenyewe halibadiliki: kwenye boksi tafuta neno Tacrolimus au Ciclosporin, pamoja na asilimia. Takrolimasi ya ngozi ipo ya 0.03 na ya 0.1, usikubali kubadilishiwa dukani bila daktari kujua. Ukiona Dexamethasone, Betamethasone au Prednisolone, hiyo ni steroidi. Beba dawa katika boksi lake, pamoja na cheti cha daktari, kiasi cha matumizi yako tu. Isikae kwenye dashibodi ya gari juani.

Mama wa vitunguu alirudi kliniki, akaelezwa upya, akaanza tena. Mwanawe sasa anavaa kofia pana, na akiwashwa anaweka kitambaa cha maji baridi badala ya kusugua. Presha ya macho yake bado inapimwa. Picha ya cheti mama ameihifadhi kwenye simu, na tarehe ya kurudi kliniki ameiandika kwa kalamu juu ya boksi, pale anapoiona kila anapotoa stakabadhi.