Kinyonga na Mkono wa Mtu

Katika mazungumzo haya twataka kueleza jinsi mtu awezavyo kumzoeza kinyonga hata akubali kula mkononi mwake. Twajua ya kuwa wako watakaoshtuka kwa kusikia jina lake tu. Kwa Wazulu na makabila mengine ya Afrika husimuliwa ya kwamba kinyonga alitumwa kwa wanadamu na habari ya uzima, akachelewa njiani, na mjusi akamtangulia na habari ya mauti. Basi watoto humpiga mawe, kana kwamba wamlipiza kisasi. Hadithi na iwe hadithi. Lakini kinyonga hana sumu, na akiuma, hufinya tu.

Tunayemsema hasa ni yule aonekanaye sana pwani na bara, mwenye ngozi mbili zilizolala nyuma ya kichwa mfano wa masikio. Twashauri asifungwe ndani ya kopo wala sanduku. Tangu mwaka 1977 biashara ya vinyonga baina ya nchi na nchi huongozwa na mapatano ya mataifa, na sheria za Kenya na Tanzania zataka kibali kwa afugaye mnyama wa mwitu. Tena, kinyonga aliyefungwa huona hofu mchana kutwa, akaacha kula, akafa polepole bila mtu kutambua ugonjwa wake. Afadhali abaki katika kichaka chake karibu na nyumba au bustani ya shule, nasi twende kwake.

Kabla ya yote yapasa kufahamu jinsi auonavyo ulimwengu. Macho yake mawili huzunguka kila moja kwa njia yake, hata moja laweza kutazama mbele na la pili nyuma. Kwa hiyo usidhani umemnyemelea. Alikwisha kukuona zamani. Adui zake wakubwa ni ndege na nyoka, na ndege humshukia kutoka juu. Hapo ndipo watu wengi hukosea: hupeleka mkono juu ya mgongo wake, wakamshika kiunoni, wakamng'oa katika tawi huku vidole vyake vimelikaza kama koleo. Kwake huo si mkono bali ni mwewe. Atavimba, atafumbua kinywa, atatoa mlio wa kufoka na kugeuka rangi. Ukiona dalili hizo, rudi nyuma.

Na hapa twaomba tahadhari katika jambo la rangi. Watu husema hujigeuza afanane na kitu alichokalia. Si kweli hasa. Rangi yake huonyesha hali yake: joto, baridi, hofu, ugomvi. Wataalamu wa Geneva walionyesha mwaka 2015 ya kuwa aina moja ya Madagascar hubadili nafasi iliyo kati ya chembe ndogo mno ndani ya ngozi yake, na nuru ikarudi kwa rangi nyingine. Basi kinyonga mweusi asubuhi na mapema huenda hana hasira hata kidogo, bali aota jua tu. Mngojee apate moto, kwani kabla ya hapo hawezi kula vema.

Siku za kwanza usimpe kitu. Simama mahali pamoja, saa ile ile, kwa kadiri ya hatua mbili, bila kupunga mikono. Atajificha upande wa pili wa tawi, mwache. Siku atakapokaa bila kujificha, sogea kidogo. Huenda ikawa siku chache, huenda ikawa majuma; vinyonga hawalingani tabia, na wengine hawakubali kamwe.

Kisha chukua panzi aliye hai, asiyezidi upana wa kichwa cha kinyonga, umshike kwa ncha ya kijiti kirefu, usawa wa macho yake au chini kidogo. Panzi asiyecheza miguu hatamwona kuwa ni chakula. Usimchukue mahali palipopigwa dawa ya wadudu, maana sumu ile humwingia alaye. Tazama macho: yote mawili yakielekea panzi pamoja, tulia, maana ndiyo alama ya kupima umbali. Ulimi wake hufika mbali kupita urefu wa mwili wake, na hurudi kabla hujapepesa jicho. Kila siku fupisha kijiti, hata panzi awe katika vidole vyako. Ulimi ukikugusa usivute mkono kwa ghafula; ni unyevu na kunata tu. Maji usimpe katika bakuli, kwa kuwa hunywa matone, nyunyiza majani.

Je, amekupenda? Sisi hatudhani hivyo. Si mbwa. Amekuondoa tu katika hesabu ya adui zake, na kwa mnyama mwoga namna hii si jambo dogo. Akitaka kupanda mkononi, weka kiganja mbele yake kama tawi, apande na kushuka mwenyewe.

Itatukia pengine kinyonga jike, mnene, aliyekwisha kuzoea, akatae panzi ghafula na kuanza kushuka chini. Usimrudishe mtini. Atafuta udongo laini wa kuchimba, atage mayai yake makumi na kuyafukia. Wazuie kuku na watoto mpaka amalize.