Kofia Ngumu ya Bodaboda: Kinga ya Dereva na ya Abiria

Kutoka Masasi, mji wa majabali, safari ya Newala hupanda uwanda wa juu wa Makonde. Bodaboda huwabeba wakulima wa korosho, wanafunzi na wajawazito waendao kliniki. Pikipiki inapoteleza kwenye mchanga au mteremko, mfupa wa mguu uliovunjika huweza kuunga. Ubongo ulioumia huenda usirudi ulivyokuwa. Uchambuzi wa tafiti uliochapishwa na Cochrane mwaka 2008 ulionyesha kuwa, kwa wapandao pikipiki waliopata ajali, kofia ngumu hupunguza hatari ya kifo kwa takribani asilimia 42 na ya jeraha la kichwa kwa asilimia 69.

Wengi huchagua kofia kwa kutazama rangi na gamba la nje, lakini kinga kubwa imo ndani. Katika ajali fuvu husimama ghafla, ilhali ubongo ungali katika mwendo. Povu gumu lililo chini ya gamba hubonyea na kupunguza nguvu ya kishindo. Likishabonyea halirudi, kwa hiyo kofia iliyopata ajali haifai tena, hata isipoonyesha ufa. Kofia ya mafundi ujenzi nayo haikuundwa kwa kazi hii.

Kabla ya kununua, mteja aivae, afunge mkanda wa kidevu, kisha atikise kichwa. Kofia isizunguke wala kuvuka, na kati ya mkanda na kidevu vipite vidole viwili tu. Kofia isiyofungwa mkanda hutangulia kuanguka kabla ya kichwa kufika chini.

Abiria wengi huikataa kofia ya dereva kwa kuchelea jasho na chawa. Hofu hiyo isidharauliwe: kitambaa chepesi cha pamba kichwani huiondoa, mradi kisiwe kinene kiasi cha kuilegeza kofia. Kichwa cha abiria si kigumu kuliko cha dereva. Viatu vya kufunika, suruali nzito na glavu hulinda ngozi. Havichukui nafasi ya kofia.

Mhudumu wa afya anayemruhusu majeruhi wa pikipiki, au anayemuaga mjamzito baada ya kliniki, na aulize: “Utarudi nyumbani kwa usafiri gani, na kofia yako i wapi?” Swali hilo halihitaji dawa wala kifaa, nalo huenda likamwepusha mtu na wodi.