Taka za Angani na Bei Isiyolipwa

Oktoba 2023 kampuni ya Dish ilikubali kuilipa Tume ya Mawasiliano ya Marekani dola 150,000. Setilaiti yake EchoStar-7, iliyorushwa 2002, ilitakiwa ikistaafu ipandishwe kilomita 300 juu ya obiti yake ya kazi, isiwe kikwazo kwa nyingine. Mafuta yalikwisha njiani, ikaachwa kwenye kilomita 122 hivi. Hakuna aliyewahi kutozwa na tume hiyo kwa kosa la taka za angani kabla yake.

Sasa tazama gharama ya kuzoa. Mwaka 2020 Shirika la Anga za Juu la Ulaya lilisaini mkataba wa yuro milioni 86 na kampuni ya ClearSpace ya Uswisi, ili kuondoa kipande kimoja cha roketi chenye kilo 112. Kwa bei hizo, mhasibu yeyote atamshauri bosi wake atupe. Tena mafuta ya kujiondolea ni yale yale ambayo yangeiweka setilaiti kazini, ikiingiza fedha, kwa miezi kadhaa zaidi.

Sheria nayo ina mwanya. Pete la chuma lililoanguka kutoka angani kijijini Mukuku, Makueni, Desemba 2024, kama lingemuua mtu, Mkataba wa kimataifa wa 1972 kuhusu dhima ya madhara ya vyombo vya angani ungeibana nchi iliyorusha ilipe bila kuuliza uzembe ni wa nani. Lakini huko juu mdai lazima athibitishe uzembe. Setilaiti Iridium 33 ya Marekani na Kosmos 2251 ya Urusi, iliyokuwa imekufa zamani, ziligongana 2009 na kumwaga maelfu ya vipande. Nenda kathibitishe uzembe wa mfu!

Wanauchumi Akhil Rao, Matthew Burgess na Daniel Kaffine walipendekeza 2020 kila setilaiti ilipie obiti, ada ikipanda hadi dola 235,000 hivi kwa mwaka ifikapo 2040. Naona wana haki: faini humsubiri mkosaji, ada humfanya apige hesabu kabla ya kurusha.

Ila nchi moja ikitoza peke yake, kampuni zitahamia kusajili kwingine, kama wenye meli wanavyokimbilia bendera ya Panama. Nguvu iko sokoni: hakuna anayeuza intaneti ya setilaiti Kenya bila leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano, na leseni inaweza kudai risiti ya obiti.