Je, Wajua? Karamu ya Mwisho Ilianzia Chumba cha Kulia

Katika nyumba nyingi za Wakristo, Kaloleni jijini Arusha na kwingineko Tanzania, picha ya Karamu ya Mwisho hutundikwa karibu na meza ya chakula. Je, wajua kwamba:

• Leonardo da Vinci aliichora mwishoni mwa miaka ya 1490 kwenye ukuta wa bwalo la watawa Wadominiko wa Santa Maria delle Grazie, mjini Milano, Italia? Watawa walikula wakiitazama.

• Picha halisi ina upana wa karibu mita 8.8 na kimo cha mita 4.6?

• Leonardo alipaka rangi kwenye ukuta mkavu badala ya lipu mbichi, ili asiharakishwe? Rangi ilianza kubanduka yeye mwenyewe akiwa hai.

• Mwaka 1652 ukuta huo ulitobolewa mlango, na miguu ya Yesu ikapotea?

• Elimo Njau, mchoraji mzaliwa wa Marangu, Kilimanjaro, alichora Karamu ya Mwisho yenye sura na mandhari ya Kiafrika katika kanisa la Murang'a, Kenya, miaka ya 1950?

Dondoo: Ukitundika ya kwako, iepushe na jua la dirishani, linalofifisha rangi, na mvuke wa jikoni, unaokunja karatasi. Ishushe kidogo pia, kwani watazamaji wake wengi watakuwa wameketi.